Breki ya Nyuma Iliyolia Kiangazi Kizima

Tangu mwezi wa Agosti, vumbi la Dodoma likiwa limekomaa, hadi mvua za kwanza zilipoanguka mwezi wa Desemba, breki ya nyuma ya gari langu ilikuwa ikilia kila nilipoikanyaga kwa upole. Nikikanyaga kwa nguvu ilinyamaza. Nikisimama taratibu, kama mtu anavyosimama kumpisha mama aliyebeba ndoo kichwani, ilitoa ukelele mwembamba ulioanza chini na kupanda, na gari likikaribia kutulia kabisa ilifuata sauti moja kavu: tak. Watoto wa mtaa wetu wa Nkuhungu walizoea kunitambua kwa mlio huo kabla hawajaliona gari lenyewe, na mmoja wao alikuwa hodari wa kuuigiza.

Gari ni dogo, la Kijapani, la mwaka 2004, lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika. Mbele lina breki za disiki na nyuma lina dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, kama zilivyo Vitz, Passo na IST nyingi tunazopishana nazo kila siku. Nalitumia kwenda kazini Mtumba na kurudi, na mwisho wa mwezi huenda nalo Kondoa kumjulia hali mama. Nayataja haya kwa sababu matumizi ya namna hiyo, lami ndefu katikati na vumbi mwanzo na mwisho wa safari, yalichangia yaliyotokea.

Nilianza vibaya. Nilipeleka gari kwenye gereji moja ya mjini, fundi akasimama nje, akaniambia nisogee hatua chache na kufunga breki, akasikiliza mara moja tu na kutoa hukumu: “Shuu zimekwisha, bosi.” Shuu ni yale mabamba mawili yaliyopinda kama mwezi mchanga, yenye lainingi, yaani tabaka gumu la kusugua, juu yake, ambayo hutanuka ndani ya dramu na kuisugua ili gurudumu lisimame. Nilinunua seti mpya kwa shilingi 45,000, zikafungwa kwa muda usiozidi saa moja, nikaondoka nikiwa nimeridhika. Ukimya ulidumu siku tisa. Siku ya kumi mlio ulirudi, mkali kuliko awali, na juu ya hapo nikagundua kwamba breki ya mkono, ambayo zamani ilishika baada ya kusikika meno 7, sasa ilikuwa haishiki mpaka nivute meno 11.

Shuu za zamani nilikuwa nimeondoka nazo kwenye mfuko wa plastiki, kwa tabia tu ya kutopenda kuacha nyuma kitu changu. Nilipozipima kwa rula nikakuta unene wa lainingi ni milimita 3. Shuu mpya za gari kama hili huwa na takriban milimita 4, na kiwango cha mwisho ambacho hairuhusiwi kukivuka ni milimita 1. Nilikuwa nimebadilisha vitu vizima, na ugonjwa nikauacha ndani ya gari.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anaishi mzee aliyestaafu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wa malori yaliyokwenda Iringa kupitia Mtera, enzi ambazo barabara hiyo ilikuwa bado ya vumbi. Malori yale yalikuwa na dramu kwenye magurudumu yote, kwa hiyo kwake dramu mbili za gari dogo ni jambo la kuchekesha. Nilikwenda kumwamkia Jumamosi moja asubuhi na kumweleza shida yangu. Hakuligusa gari. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kuniuliza maswali ambayo gereji hakuna aliyeniuliza: je, mlio upo asubuhi tu au hata mchana wa jua kali? Unapanda kadiri kasi inavyopanda hata nisipogusa breki? Kanyagio linashuka kuliko zamani? Ukivuta hendibreki peke yake, inalia?

Maswali mawili ya mwisho sikuweza kuyajibu. “Basi usifungue kitu, mwanangu,” alisema. “Ukishafungua bila kujua ni gurudumu lipi na ni wakati gani, ushahidi utakuwa umeupangusa kwa kitambaa.”

Tukaanza na majaribio, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote katika kazi nzima. Karibu na kwetu kuna kipande cha njia kilichonyooka, chenye ukuta mrefu wa matofali upande mmoja, na magari hupita hapo kwa nadra. Ukipita kandokando ya ukuta huo vioo vikiwa vimeshushwa, sauti ya magurudumu ya upande ule hugonga ukuta na kukurudia waziwazi, ambapo barabarani ingepotelea hewani. Kwanza nilipita kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa bila kugusa breki. Kimya. Mzee akasema tuondoe beringi katika orodha ya washukiwa, kwa kuwa beringi iliyochoka huvuma muda wote gurudumu linapozunguka, mvumo wake hupanda pamoja na kasi, na mara nyingi hubadilika gari linapokata kona kwa sababu uzito huhamia upande mmoja. Haisubiri dereva akanyage breki ndipo ilie.

Jaribio la pili lilikuwa la breki ya mkono. Ikiwa njia ni tupu na mwendo ni mdogo, huivuta polepole huku kitufe chake kimebonyezwa ili isijifunge, na mguu uko mbali kabisa na kanyagio. Katika gari langu breki ya mkono huvuta waya unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma tu, hivyo ikilia kwa namna hiyo, disiki za mbele hazihusiki. Ililia, tena kwa sauti ileile ambayo watoto wanaiigiza. Sikuwahi kufikiria kwamba kifaa cha kuegeshea gari kinaweza kutumika kama kipimo. Kisha tukageuza gari na kupita kutoka upande wa pili, ili ukuta uwe kushoto badala ya kulia, na tofauti ikasikika hata kwa masikio yangu: kelele kubwa ilikuwa gurudumu la nyuma kushoto, na la kulia lilikuwa linanong’ona.

Jaribio la kanyagio halikuhitaji hata kusogeza gari. Injini ikiwa inanguruma, nilikanyaga mara moja na kanyagio likashuka sana kabla ya kushika. Nikaachia na kukanyaga tena papo hapo, likashika juu. Mzee alieleza kwamba kama kungekuwa na hewa ndani ya mabomba, kanyagio lingekuwa laini mithili ya sponji, ilhali kanyagio langu lilikuwa gumu lilipofika mahali pa kushika. Kinachoshuka mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, kwa kawaida ni nafasi kubwa mno kati ya shuu na dramu: mkanyago wa kwanza hutumika kuziba pengo tu, na wa pili ndio unaokamata. Hapo nikakumbuka yale meno 11.

Niseme jambo moja kabla sijaendelea. Majaribio haya tuliyafanya kwa sababu gari lilikuwa bado linasimama vizuri na bila kuvuta upande. Breki inayokwaruza kama chuma kinachosagwa juu ya chuma, au inayolivuta gari upande mmoja, au ambayo mafuta yake yanapungua kwenye chupa, haifai kupelekwa barabarani kujaribiwa. Gari kama hilo hufunguliwa pale pale lilipo.

Kazi ya kufungua tuliifanya chini ya mwarobaini, mahali palipo tambarare. Mawe mawili makubwa yaliwekwa mbele na nyuma ya tairi za mbele, nati za gurudumu zikalegezwa kidogo gari likiwa bado chini, kisha jeki, kisha gogo nene chini ya chesisi, na tairi la akiba likalazwa chini ya ubavu wa gari. Jeki si kitu cha kumwekea mtu maisha yake juu yake, na ninashangaa ni mara ngapi huwaona vijana wakiingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Breki ya mkono iliachiwa, maana ikiwa imevutwa dramu haitoki.

Hata hivyo haikutoka. Kutu ilikuwa imeishika katikati, na wazo langu lilikuwa nyundo. Mzee alinionyesha matundu mawili madogo yenye sredi kwenye uso wa dramu, ambayo nilikuwa nimeyaona siku zote na kuyadhania kuwa pambo. Ukiingiza humo bolti mbili za milimita 8 na kuzikaza kwa zamu, mzunguko kidogo huku na mzunguko kidogo kule, hujisukuma dhidi ya kitovu cha gurudumu na kuing’oa dramu bila kuipasua. Ilitoka kwa mlio kama wa kifuniko cha sufuria.

Ndani kulikuwa na unga mwingi mweusi uliochanganyika na wekundu wa udongo wetu. Dramu huonekana kama imefungika, lakini kati yake na bamba la nyuma, lile lisilozunguka ambalo shuu hukaa juu yake, kuna mwanya mwembamba ambao vumbi laini hupita, na likishaingia halina njia rahisi ya kutoka. Nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ili niupulize, Mzee akanishika bega. Lainingi za zamani za magari mengi zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, na huwezi kujua kwa kutazama iwapo zile zilizowahi kufungwa humo zilikuwa nayo. Kwa hiyo hatukupuliza wala hatukutumia upepo wa kompresa; tuliulowesha unga kwa maji ya sabuni na kuufuta kwa vitambaa vilivyolowa, ambavyo baadaye tulivifukia.

Baada ya kufuta ndipo breki ikaanza kueleweka. Lainingi mpya zilikuwa zimeng’aa kama kigae, hasa ile ya mbele, na mng’ao ulikuwa katikati tu, kingo zikiwa bado na rangi ya dukani. Shuu ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa gari linapokwenda mbele, kwa sababu mzunguko wa dramu huivuta na kuizidishia nguvu, na kwa kawaida huchakaa kabla ya mwenzake. Mng’ao wa katikati ulionyesha kwamba dramu imetanuka kidogo kwa miaka yake, na shuu mpya zilikuwa bado hazijaizoea. Ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye dramu yenyewe. Yangu iliandikwa milimita 201, na tulipopima kwa kalipa tulipata 200.4. Hapakuwa na haja ya dramu mpya wala ya kuipeleka kwa mkerezaji.

Lakini mng’ao peke yake hautoi sauti ya tak. Tulipozitoa shuu, Mzee alipitisha ukucha wake juu ya bamba la nyuma na kuniambia nami nifanye hivyo. Bamba hilo lina nundu sita bapa, tatu kila upande, ambazo kingo za shuu hutelezea juu yake kila unapokanyaga na kuachia. Zinatakiwa ziwe laini na zenye grisi kidogo. Zangu zilikuwa kavu kama mfupa, na mbili za mbele zilikuwa zimechimbika vijifuo ambamo ukingo wa shuu uliingia na kunasa. Basi kila nilipokanyaga kwa upole, shuu ilikuwa haitelezi. Ilikwama kwenye kifuo, ikatetemeka, na mtetemo wake ukaingia kwenye dramu, ambayo ni chuma cha duara kilicho wazi upande mmoja, yaani kengele. Mguu ukiwa mzito ilishindiliwa na kukosa nafasi ya kutetemeka, ndiyo maana ilinyamaza. Na gari lilipokaribia kusimama, shuu ilichomoka kifuoni kwa ghafla. Tak. Niliigonga dramu ile kwa mpini wa bisibisi nikiwa nimeining’iniza kidoleni, ikaimba, karibu kabisa na sauti iliyokuwa ikinifedhehesha tangu Agosti.

Sina ugomvi na kijana wa gereji. Kwa malipo anayopata kwa kila gari, saa moja ndiyo anayoweza kuitoa, na katika saa moja hakuna nafasi ya kuzitazama nundu sita zilizojificha nyuma ya shuu. Ila lipo jambo lingine ambalo sikulipokea kwa upole huo.

Kati ya shuu mbili hukaa fimbo fupi yenye kigurudumu cha meno, ambayo mafundi huiita ajasta. Kazi yake ni kujirefusha yenyewe kidogo kidogo kadiri lainingi zinavyolika, ili pengo libaki lilelile. Ajasta ya kushoto na ya kulia hufanana kama mapacha, lakini sredi zake zimeviringishwa kinyume, moja kulia na nyingine kushoto. Nilikuwa nimesoma kwamba anayefungua breki za dramu kwa mara ya kwanza afungue upande mmoja tu na kuuacha mwingine uwe mfano wa kuigiza, nikaona ni ushauri wa hekima. Na kweli tulipofungua upande wa kulia tukakuta umepangwa vilevile kama wa kushoto, kila kitu mahali pake. Mzee hakuridhika. Alizishika ajasta mbili, akazungusha kigurudumu cha kila moja kwa kidole kuelekea upande ambao kidude cha kuisukuma huisukuma, nazo zote mbili zikawa zinafupika. Zilikuwa zimebadilishana nafasi siku shuu mpya zilipofungwa. Kila zilipotakiwa kulisogeza pengo karibu, zilikuwa zikiliongeza, na hapo ndipo yalipotoka meno 11 na kanyagio linalozama. Mfano niliokuwa nikiutegemea ulikuwa na kosa lilelile.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na makuu. Vijifuo havikuwa na kina kikubwa, kwa hiyo nilivisawazisha kwa tupa laini, polepole, bila kulikondesha bamba. Vingekuwa vimekula hadi ukucha unazama, ingebidi bamba lijazwe chuma na fundi wa kuchomea au libadilishwe. Juu ya kila nundu nilipaka grisi inayohimili joto, kiasi cha punje moja ya mtama na si zaidi, kwani grisi ya kawaida huyeyuka breki ikipata moto na kutiririkia kwenye lainingi, na lainingi iliyolowa grisi haina dawa. Nilisugua lainingi kwa msasa namba 80 mpaka mng’ao ukaisha, nikachonga ncha zake mbili kwa mshazari ili zisiingie kwenye dramu kwa ukali wa patasi, nikasugua na uso wa ndani wa dramu kwa mwendo wa kukatiza. Ajasta zilisafishwa, zikapakwa grisi kwenye sredi na kurudishwa kila moja kwake.

Tuliinua pia kingo za mipira ya silinda ndogo inayozisukuma shuu, tukakuta pakavu. Pangekuwa na unyevu, silinda ingebadilishwa siku ile ile. Hapo pia nilionywa nisioshe kwa petroli, kama inavyofanyika mara nyingi, kwa sababu mpira wa breki huvimba ukiguswa na petroli au oili.

Kurudisha springi ndiko kulikonila ngozi ya kidole. Plaizi iliteleza mara tatu, na Mzee alicheka mara tatu.

Kuhusu urekebishaji, mpangilio wake una maana. Wengi huona breki ya mkono imelegea na kukimbilia kukaza waya wake. Ukifanya hivyo wakati pengo la shuu ni kubwa, waya huzishikilia shuu katika mkao usio wake na ajasta hushindwa kufanya kazi. Kwa hiyo waya uliachwa umelegea, nikazungusha vigurudumu vya ajasta mpaka dramu ikagoma kuzunguka, nikarudisha meno machache hadi ikazunguka kwa kuparaza kwa mbali sana, nikakanyaga breki mara kadhaa ili shuu zijikalishe katikati, nikahakikisha tena. Baada ya hapo ndipo waya ulipoguswa, tena kwa robo mzunguko tu. Breki ya mkono ikashika kwenye meno 7.

Jumapili alfajiri, barabara ya Mtumba ikiwa bado tupu, nilizizoesha lainingi kwa kushuka kutoka kilomita 50 hadi 20 kwa saa mara kumi na tano, nikiacha nafasi ya kupoa kati ya mara moja na nyingine, bila kusimama kabisa. Nilipofika nyumbani niligusa rimu za nyuma kwa mgongo wa mkono, na joto la kushoto na la kulia lilikuwa sawa. Nilipita mara mbili kando ya ule ukuta wa matofali na sikusikia kitu isipokuwa changarawe chini ya tairi.

Mvua zilipokolea mwezi wa Januari, na maji kutuama mtaani kama ilivyo desturi yake kwetu, breki ilianza kukwaruza tena asubuhi, nikaingiwa na hofu. Lakini ulikuwa mkwaruzo mwingine, mfupi, uliotoweka baada ya kusimama mara mbili au tatu: kutu nyepesi inayoota juu ya chuma usiku wa unyevu na kufutwa na lainingi zenyewe. Huo sikuutafutia dawa.

Mwezi wa Machi nilifungua tena pande zote mbili, peke yangu, Mzee akinitazama kutoka kibarazani kwake. Unga ulikuwepo, ila kidogo. Grisi ilikuwa bado mahali pake kwenye nundu zote kumi na mbili. Alama ya kusugua ilikuwa imeenea hadi karibu na kingo za lainingi, na unene wa shuu za mbele, kushoto na kulia, ulikuwa milimita 3.5 kwa 3.5. Nikafuta kwa kitambaa kilicholowa, nikarudisha dramu, nikakaza nati kwa kukatiza, nikaenda kunawa.